Harambee Stars waliponzwa na bao la pili lisilopatikana

KOMBEWA, Kisumu

JIONI ya Ijumaa, Agosti 22, 2025, biashara katika soko la Kombewa ilizorota mapema. Wahudumu wa bodaboda waliegesha pikipiki zao, wauzaji samaki wakafunika mabeseni yao, na kila palipokuwa na runinga pakajaa watu hadi mlangoni. Timu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars, ilikuwa ikivaana na Madagascar uwanjani Kasarani, Nairobi, katika robo fainali ya michuano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, maarufu kama CHAN.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu, dakika ya 48, Alphonce Omija alipoufuma mpira kwa kichwa na kuipa Kenya uongozi. Banda la video nilimokuwa nimeketi lilitikisika. Vijana walikumbatiana, mmoja akamwaga soda yake bila kujali. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mchezo uanze, alisubiri kelele zipungue kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na la pili je?"

Hakuna aliyemjibu. Dakika ya 69 Fenohasina Razafimaro aliisawazishia Madagascar kwa mkwaju wa penalti. Muda wa kawaida ulipokwisha, na ule wa ziada nao ukapita bila mshindi, mambo yaliamuliwa kwa matuta. Kenya ilishindwa 4-3 na kuaga mashindano iliyokuwa mwenyeji wake pamoja na Tanzania na Uganda.

Tangu siku hiyo, maelezo yaliyorudiwa mara nyingi kuhusu kipigo hicho ni yale ya bahati. Penalti ni kamari, husemwa, na aliyeshindwa kwa penalti hakushindwa katika mchezo wenyewe. Kauli hiyo ina ukweli wake, kwa maana Kenya haikupoteza hata mchuano mmoja uwanjani kabla ya matuta hayo. Hata hivyo, ina kasoro moja kubwa. Inatuzuia kuuliza ni kwa nini timu iliyokuwa mbele ilifika kwenye penalti hapo kwanza.

Hebu tutazame takwimu. Kenya ilianza kwa kuilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0 mnamo Agosti 3, kwa bao la Austin Odhiambo kabla tu ya mapumziko. Siku nne baadaye ilitoka sare ya 1-1 na Angola. Agosti 10 ikaichapa Morocco 1-0 kupitia kwa Ryan Ogam, na Agosti 17 Ogam huyo huyo akafunga bao la pekee dhidi ya Zambia. Kisha ikaja sare ya 1-1 na Madagascar.

Moja, moja, moja, moja, moja. Katika mechi tano Kenya haikuwahi kwenda mtungi, wala haikuwahi kufunga mabao mawili. Morocco, waliomaliza nyuma yetu katika Kundi A, walifunga mabao manane katika mechi nne za makundi pekee. Kenya ilifunga manne. Tulimaliza kileleni kwa alama 10 kwa sababu safu yetu ya ulinzi iliruhusu bao moja tu katika awamu hiyo, wala si kwa sababu washambulizi wetu waliwatisha wapinzani.

Sisemi haya kwa nia ya kuwabeza vijana wa kocha Benni McCarthy. Walichokifanya ni cha kujivunia. Dhidi ya Angola, Marvin Nabwire alifurushwa kwa kadi nyekundu mapema, nao wakacheza zaidi ya saa moja wakiwa kumi bila kuporomoka. Dhidi ya Morocco, Chris Erambo aliondolewa kabla ya mapumziko, na kipindi kizima cha pili wakasimama kama ukuta. Morocco hao ndio waliotwaa kombe Agosti 30 kwa kuilaza Madagascar 3-2 uwanjani Kasarani, na katika mashindano yote ni Kenya pekee iliyowafunga. Ikumbukwe pia kwamba McCarthy, mzawa wa Afrika Kusini, alikuwa ameajiriwa mwezi Machi mwaka huo huo. Kwa muda wa miezi mitano, alichoweza kukifundisha alikifundisha vyema.

Na hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kuna mambo katika kandanda ambayo kambi ya wiki chache yaweza kuyafunza, na kuna mengine ambayo haiwezi. Kujilinda kwa nidhamu, kufunga mianya na kusaidiana wenzako wanapopungua ni mambo ambayo kocha hodari huyapanda upesi kwa wachezaji walio tayari kutii. Lakini kumtulizia mpira beki aliyejificha nyuma, kupiga pasi ya mwisho pasipo kubabaika, kujua ni lini upige na ni lini umpe mwenzio, ni mambo yanayoingia mwilini mchezaji angali mtoto. Yakikosekana katika umri wa miaka kumi au kumi na miwili, hayapatikani Kasarani mbele ya maelfu ya mashabiki.

CHAN ndiyo kipimo halisi cha jambo hilo. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchi huweza kuwaita wana wake walionolewa Ulaya na Asia. Katika CHAN huruhusiwi kumtumia yeyote asiyesakata kabumbu katika ligi ya nchi yake. Michael Olunga hayumo. Unabaki na ulichokipanda mwenyewe nyumbani. Kwa hivyo matokeo ya CHAN ni hesabu ya viwanja vya shule, ligi za kaunti na klabu zetu, kabla ya kuwa hesabu ya kocha wa taifa.

Hata hicho kidogo tulichokipanda kilipungua kabla ya mashindano. Mohammed Bajaber, kiungo mshambulizi wa Kenya Police, alihamia Simba ya Tanzania. Moses Shummah, mmoja wa wafungaji hodari wa ligi katika msimu wa 2024/25 akiwa Kakamega Homeboyz, alielekea Power Dynamos ya Zambia. Kwa kuvuka mpaka tu, wote wawili walipoteza nafasi ya kushiriki. Mtu hawezi kuwalaumu. Kazi ya mguu ni fupi na nyumbani malipo huchelewa. Baada ya mashindano Ogam naye alijiunga na Wolfsberger AC ya Austria. Lakini nchi ambayo kuondoka kwa wawili kunaiacha bila mfungaji wa akiba ni nchi isiyokuwa na ghala.

Si tatizo la mwaka mmoja. Kenya imefika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara sita, mwaka 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, na haijawahi kuvuka awamu ya makundi. Katika fainali tatu za 1988, 1990 na 1992 tulicheza mechi nane na kufunga bao moja. Kizazi hicho ndicho wazee wetu hukisifu hadi leo, na kwa haki, maana baadhi yao walikuwa katika kikosi cha Gor Mahia kilichotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Ila sifa za klabu hazikugeuka kuwa mabao ya taifa.

Nchini Tunisia mwaka 2004, chini ya kocha Jacob Mulee, tulilazwa 3-1 na Mali na 3-0 na Senegal kabla ya kuinyuka Burkina Faso 3-0 wakati tulipokuwa tayari tumebanduliwa. Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Nchini Misri mwaka 2019, chini ya Mfaransa Sebastien Migne, tuliilaza Tanzania 3-2 baada ya kutanguliwa mara mbili, Olunga akifunga mawili na Johanna Omolo moja. Timu nne bora kati ya zilizomaliza za tatu zilifuzu. Kenya ilikuwa na alama tatu, sawa na Afrika Kusini iliyosonga mbele, lakini tulikuwa tumefungwa mabao manne zaidi ya tuliyofunga. Tuliondoka kwa hesabu ya mabao.

Mwaka 2004 tulisema ni ugeni. Mwaka 2019 tukasema ni kundi gumu. Mwaka 2025 tukasema ni penalti. Kila kipigo hupewa jina lake ili kisifanane na kile kilichotangulia.

Mtu akitaka kuona chanzo, asiende Kasarani. Na ashike barabara ya kutoka Kisumu kuelekea Bondo, apite Kisian, apite Holo, na baada ya takriban kilomita 30 atakuwa Kombewa, makao ya eneo la Seme. Hapa ni mahali panapojulikana na wanasayansi wa nchi za mbali kwa sababu ya kituo cha utafiti ambako chanjo ya malaria ilifanyiwa majaribio. Watoto wa Kombewa walisaidia dunia nzima kupata kinga. Katika kandanda, hakuna aliyekuja kuwapima.

Agosti ni mwezi wa likizo. Asubuhi ya Jumamosi, siku moja baada ya kipigo cha Madagascar, vijana wapatao ishirini walikuwa wakicheza katika uwanja wa shule ya msingi si mbali na barabara kuu. Milingoti ya goli ilikuwapo, nyavu hazikuwapo. Upande mmoja uwanja umeinama kiasi kwamba mpira ukipigwa kwa nguvu huteremka hadi kwenye shamba la mahindi, na mpigaji hulazimika kuufuata mwenyewe. Basi watoto wamejifunza kutopiga kwa nguvu. Hupiga chenga moja zaidi, hutoa pasi moja zaidi, hukaribia hadi waweze kuusukuma mpira taratibu kati ya milingoti. Nilipowatazama nilijiuliza ni mara ngapi nimemwona mshambulizi wa Harambee Stars akifanya vivyo hivyo, akiwa ndani ya eneo la hatari huku taifa zima likimpigia kelele apige.

Wadogo zaidi walikuwa pembeni na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya nyavu kuukuu. Zamani mpira wa aina hiyo, uitwao ajuala katika sehemu hizi, ulisokotwa kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017, hata malighafi ya mpira wa maskini ilikuwa adimu. Sheria ile ilikuwa njema kwa mazingira na siipingi. Nataja tu kwamba hakuna aliyefikiria kuwapelekea watoto hao mpira wa ngozi badala yake.

Ziwa lenyewe lina funzo ambalo wakazi wa ufuo huu wanalifahamu vyema. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa. Ni miezi minne ya dhiki. Mvuvi wa Asat anayelala njaa mwezi Juni hushawishika kuingia ziwani usiku, na wapo wanaoingia. Lakini hata anayevunja sheria hiyo anajua sababu yake: omena wasipoachwa wakazaana, Agosti hakutakuwa na cha kuvua. Katika kandanda yetu msimu wa kuzaliana haupo. Kila anayeshika uongozi huingia ziwani na wavu siku ile ile.

Zitazame ahadi za CHAN. Rais William Ruto alitangaza kwamba kila mchezaji angepata Sh1 milioni kwa kila ushindi na Sh500,000 kwa sare, na kwamba timu ingepokea Sh600 milioni endapo ingelitwaa kombe. Sina wivu na fedha hizo. Wachezaji wetu wametumika kwa miaka mingi bila shukrani, na aliyevuja jasho anastahili ujira. Swali langu ni kuhusu mahali fedha hizo zilipoelekezwa. Zilimwagwa pale mto unapoingia ziwani, huku chemchemi zikikauka. Tuzo ya ushindi humpa motisha mchezaji aliyekwisha kuiva. Haimfundishi yeyote kufunga.

Serikali za awali hazikufanya vyema zaidi. Kenya ilipewa idhini ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikapokonywa. Ikapewa CHAN ya 2018, ikapokonywa Septemba 2017 kwa kutokuwa tayari, na michuano hiyo ikahamishiwa Morocco, ambao waliiandaa na kuishinda. Muungano wa Jubilee uliingia madarakani mwaka 2013 ukiahidi viwanja vipya vitano vya kimataifa, kimojawapo Kisumu. Mwaka 2024, Kasarani na Nyayo vikiwa katika ukarabati, Harambee Stars walilazimika kucheza mechi zao za "nyumbani" Lilongwe na Kampala. Timu hiyo ilimaliza kampeni ya kufuzu kwa AFCON ya 2025 ikiwa na alama sita, nyuma ya Cameroon na Zimbabwe.

Kisumu angalau ilipata uwanja wa Mamboleo, uliotumika kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Ni uwanja wa kupendeza. Lakini kijana wa Kombewa huufikia kwa kulipa nauli ya matatu, na akifika hukaa jukwaani. Katiba iliwapa magavana jukumu la viwanja na shughuli za michezo katika kaunti, kwa hivyo hili si suala la kuitupia Nairobi peke yake. Kusawazisha viwanja vya shule thelathini na kuvitundikia nyavu ni kazi ya fedha kidogo mno zikilinganishwa na jukwaa moja lenye paa. Ubaya wake ni kwamba kazi hiyo haina utepe wa kukatwa.

Shirikisho la soka nalo lina dhambi zake za muda mrefu. FIFA ilitufungia mwaka 2004, ikatufungia tena 2006, na Februari 2022 ikatufungia kwa mara nyingine baada ya serikali kuvunja uongozi wa shirikisho. Marufuku hiyo ya mwisho ilidumu hadi Novemba mwaka huo na kutunyima nafasi hata ya kushiriki mchujo wa AFCON iliyofuata. Kati ya marufuku moja na nyingine, wadhamini walikuja na kutoroka. SportPesa iliondoka mwaka 2019. BetKing ikatia saini mkataba wa miaka mitano mwaka 2020, ikauvunja mwaka uliofuata. Klabu isiyojua kama italipa mishahara mwezi ujao haiwezi kuweka timu ya watoto wa miaka 12 na kocha wao.

Uongozi mpya wa Hussein Mohammed, uliochaguliwa Desemba 2024, ulirithi deni hilo, na si haki kuubebesha mzigo wa miaka thelathini. Lakini wiki mbili tu baada ya Madagascar, mnamo Septemba 5, Harambee Stars kamili, Olunga akiwamo, walipigwa 3-1 na Gambia papo hapo Kasarani na kuzikwa kwa ndoto ya Kombe la Dunia la 2026. Safari hiyo hata ukuta ulibomoka. Mashabiki waliolia Agosti walishindwa hata kulia.

Wapo wanaosema kwamba Madagascar ni kisiwa kidogo cha soka na kwamba kushindwa naye ni fedheha. Hawakufuatilia. Timu hiyo ilifika robo fainali ya AFCON ya 2019 katika kushiriki kwake kwa mara ya kwanza, ikamaliza ya tatu katika CHAN iliyochezwa Algeria mwaka 2023, na baada ya kutung'oa sisi ikaibwaga Sudan na kuingia fainali. Hao si watu wa kubahatisha. Na Morocco walifungua chuo cha soka cha Mohammed VI karibu na Rabat zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, wakavumilia. Oktoba 2025 vijana wao walitwaa Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 20.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa katika nchi hizi hizi tatu za Afrika Mashariki. Kama mwenyeji, Kenya haikuhitaji kufuzu, na kutohitaji kufuzu kuna hatari yake. Nairobi iliwekewa jiwe la msingi la uwanja mpya wa viti 60,000 mwezi Machi 2024. Mtoto wa miaka 12 niliyemwona Kombewa akiupeleka mpira taratibu kati ya milingoti atakuwa na miaka 14 wakati huo. Si wa mashindano hayo. Ni wa yale ya miaka ya baadaye, ikiwa kuna mtu anayeyafikiria.

Usiku wa ile Ijumaa, Tanzania nao walilazwa 1-0 na Morocco jijini Dar es Salaam. Jumamosi nilirudi katika banda lile lile la video kuwatazama Uganda wakicheza na Senegal. Watu hawakuzidi kumi. Mzee wa jana alikuwa amekuja, akaketi pale pale. Senegal walipofunga, Uganda walianza kushambulia, na wakati ukazidi kuyoyoma. Mzee alitazama saa, akachukua fimbo yake na kuinuka kabla ya kipenga cha mwisho. Nilimuuliza kama haoni kwamba bado kuna dakika za kusawazisha. "Kijana wangu," akanijibu, "wewe kaa uwangojee," akatoka nje kutafuta bodaboda.